Kamera Nyembamba ya Mfukoni: Mwongozo Kamili wa Kupata Picha Kali Badala ya Ukungu

Malalamiko ni yale yale. Kamera inaingia kwenye mfuko wa shati, ubavuni imeandikwa megapikseli 12 au 16, mchana nje inapiga vizuri. Ukiingia nayo ndani, au jua likizama, nyuso zinatoka kama zimefutwa kwa kidole. Mwenyewe anakata shauri kwamba kauziwa kimeo.

Mara nyingi kamera ni nzima. Nimeshikishwa nyingi za namna hii nikiambiwa "hebu itazame, imeharibika", na karibu kila mara tatizo ni mambo manne: kitufe kinabonyezwa kwa pigo moja, zumu inavutwa hadi mwisho, flashi inatumwa mbali kuliko inavyoweza kufika, na ISO (kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga hafifu) inaachwa ipande yenyewe. Hapa tunayashughulikia moja baada ya jingine. Tenga saa moja na nusu, na ufanye kila hatua kamera ikiwa mkononi. Ukisoma tu bila kubonyeza, kesho utarudi kwenye ukungu wako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamera yenyewe, na betri iliyojaa chaji.
- Kadi ya kumbukumbu ya aina ambayo kamera inaikubali (tazama hatua ya 1).
- Kitambaa laini cha kufutia miwani. Pindo la fulana lina vumbi linalokwaruza kioo.
- Chupa au kopo lenye maandishi madogo. Hili ndilo litakalokuwa mwanafunzi wetu, kwa sababu halichoki, halicheki wala halipepesi macho.
- Meza, ukuta usio na picha, na dirisha.
- Mtu mmoja mvumilivu kwa dakika 20 za mwisho.
- Waya wa kuunganisha kamera na kompyuta, au kisoma kadi.

## Wembamba una gharama yake

Jambo hili ukilielewa, hatua zote zinazofuata zitakuingia zenyewe. Ndani ya kamera kuna sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Katika kamera nyingi nyembamba, sensa ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi, yaani ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kamera kubwa za fremu kamili zina sensa ya milimita 36 kwa 24. Kwa eneo, hiyo ni kubwa takriban mara 30.

Sensa ndogo inakusanya mwanga kidogo. Lenzi ndogo inapitisha mwanga kidogo. Flashi ndogo inarusha mwanga kidogo. Kwa hiyo kamera hii ina njaa ya mwanga wakati wote, na karibu kila kitu kinachoharibika kwenye picha zake kimetokana na njaa hiyo. Megapikseli hazina dawa hapa. Kugawanya sensa ile ile vipande vingi zaidi hakuongezi mwanga hata chembe.

## Hatua ya 1: Kadi, betri na tarehe

Anza na kadi, maana hapa watu wanakwama kabla hata ya kupiga picha ya kwanza. Kadi za SD zote zina umbo moja lakini si za aina moja. Ile iliyoandikwa SD tu inaishia GB 2. SDHC inakwenda hadi GB 32. SDXC inaanzia juu ya hapo. Kamera mpya inasoma kadi za zamani, lakini kamera ya zamani haisomi kadi mpya. Ukitia SDXC ya GB 64 kwenye kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya SDHC, itakuambia kadi ina hitilafu, na wewe utaenda kununua nyingine ya aina hiyo hiyo. Tazama alama iliyo karibu na mlango wa kadi kabla ya kununua chochote.

Ubavuni mwa kadi kuna kitasa kidogo cha plastiki. Kikiwa kimeshuka upande wa kufunga, kamera haiwezi kuandika kitu juu yake. Kisukume juu.

Kisha fomati kadi ukiwa ndani ya kamera, kwenye menyu yenye alama ya spana. Usifomati kwenye kompyuta. Kamera inajipangia mafolda yake na muundo wake, na kadi iliyofomatiwa kwingine inaweza kuleta ujumbe wa hitilafu siku usiyoitarajia. Onyo: kufomati kunaondoa kila kitu, pamoja na picha ulizozifungia zisifutwe. Hamisha kwanza.

Betri iliyovimba, hata kidogo tu kiasi kwamba inaingia kwa kubanwa, isitumike tena wala isichajiwe.

Mwisho, weka tarehe na saa sahihi. Inaonekana jambo dogo hadi utakapotafuta picha za siku fulani ukakuta zote zimeandikwa 1 Januari. Ila zima ule mtindo wa kuchapa tarehe juu ya picha yenyewe. Tarehe huhifadhiwa ndani ya faili hata hivyo, na zile namba za rangi ya chungwa zikishakaa kwenye kona ya picha hazibanduki.

*Umefaulu ikiwa:* ukiwasha, kioo cha nyuma kinaonyesha idadi ya picha zilizobaki, na hakuna alama ya kufuli.

## Hatua ya 2: Ijue lenzi yako na mahali vidole vinapokaa

Kamera nyembamba zina lenzi za namna mbili. Ya kwanza inachomoza mbele ukiwasha, kwa mafungu mawili au matatu kama darubini ya baharia, na kurudi ndani ukizima. Ya pili haichomozi kabisa. Mwanga unaingia kupitia kidirisha kwenye kona ya juu, unakatwa kona ya nyuzi 90 kwa kipande cha kioo, halafu unateremka ndani ya mwili wa kamera hadi kwenye sensa. Ndiyo maana nyingine ni nyembamba mithili ya pakiti ya karata.

Kila namna ina ugonjwa wake. Inayochomoza inachukia mchanga na kubanwa. Ikiwashwa kwa bahati mbaya ndani ya mkoba uliojaa, mota inasukuma lenzi ambayo haina pa kwenda, gia zake za plastiki zinaruka, na kuanzia siku hiyo unaona ujumbe wa hitilafu ya lenzi. Usiilazimishe kwa mkono. Ya kwangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo, kwa kujitia fundi.

Ile ya lenzi ya konani ugonjwa wake ni kidole. Kidole cha kushoto kinapenda sana kukaa hapo hapo penye kidirisha. Ukiona kivuli cha waridi kwenye pembe ya picha zako, si kamera hiyo, ni wewe.

Futa lenzi: pulizia vumbi kwanza kwa hewa ya mdomo bila kutema mate, kisha zungusha kitambaa taratibu kutoka katikati kwenda nje. Alama moja ya kidole yenye mafuta inatosha kuipa kila taa mkia wa mwanga na kuifanya picha nzima ionekane kama imepigwa nyuma ya pazia. Watu wanahangaika na menyu nusu saa kumbe dawa ni kitambaa.

## Hatua ya 3: Zima zumu ya dijitali

Ingia kwenye menyu, tafuta zumu ya dijitali, izime. Usiipunguze, izime.

Zumu halisi ni ile ya lenzi, ambayo vioo vinasogea na picha inakuzwa kabla haijafika kwenye sensa. Zumu ya dijitali inakata tu kipande cha katikati na kukitanua. Kamera ya megapikseli 12 ukiizumu mara 2 kwa dijitali, unatumia megapikseli 3. Mara 4, haifiki hata moja. Kazi hiyo unaweza kuifanya nyumbani kwenye kompyuta kwa utulivu, huku picha nzima ukiwa nayo bado.

Lakini hata zumu halisi ina madhara ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Tazama mbele ya lenzi: utaona kitu kama 3.3–5.9. Namba ya kwanza ni upana wa tundu la lenzi ukiwa hujazumu, ya pili ukiwa umezumu hadi mwisho. Namba ikikua, tundu linakuwa dogo. Kutoka 3.3 hadi 5.9, mwanga unaoingia unabaki kama theluthi moja. Yaani kamera yenye njaa umeinyang'anya sahani. Na mtikisiko wa mkono nao unakuzwa sambamba na picha.

Kwa hiyo ukiwa ndani ya nyumba au jioni, rudisha zumu mwanzo na utembee kwa miguu hadi karibu na mtu. Hatua tatu mbele zinasaidia kuliko kitufe chochote.

Ukiwa kwenye menyu hiyo hiyo, chagua ukubwa mkubwa kabisa wa picha na ubora wa juu kabisa. Nafasi kwenye kadi utaipata. Picha uliyoipiga ndogo haikui.

## Hatua ya 4: Jifunze kubonyeza nusu

Kama utafanya hatua moja tu kati ya zote, ifanye hii.

Mama mdogo alikuwa anabonyeza kitufe cha kamera kama anayeua mbu. Pa! Kamera inainama mbele, picha inatoka imelala, yeye anaitazama na kusema, "Mwanangu, hii mashine yako haioni." Kitufe cha kupigia picha kina ngazi mbili. Ukikibonyeza polepole, kinashuka kidogo halafu unahisi kinakugomea. Hapo ndipo nusu. Ukisukuma zaidi, kinapiga.

Kwenye nusu hiyo kamera inafanya kazi nzito. Inasogeza kioo kimoja cha lenzi mbele na nyuma, huku ikilinganisha mahali ambapo mistari inakuwa mikali zaidi, kisha inafunga umbali hapo. Inapima mwanga. Inaamua kama itawasha flashi. Yote hayo yanachukua sehemu ya sekunde, na kwenye giza yanaweza kukaribia sekunde nzima. Ukibonyeza kwa pigo moja, unailazimisha kufanya hayo yote huku mkono wako unatikisika, na mara nyingine inapiga bila kuwa imekamata kitu.

Zoezi. Weka chupa mezani karibu na dirisha, simama umbali wa mita moja, maandishi yakikutazama.

Bonyeza nusu na usiachie. Sikiliza: mlio mfupi, aghalabu mara mbili. Tazama: kiboksi cha kijani kinatokea juu ya chupa. Hiyo ndiyo "nimeshika". Sasa, bila kuinua kidole, ongeza uzito kidogo hadi picha ipigwe. Kidole kinakamua, hakipigi.

Sasa elekeza kamera kwenye ukuta mtupu, bonyeza nusu. Kiboksi kinakuwa cha manjano au chekundu na kupepesa, au mlio hautoki. Kamera haikupata mstari wowote wa kushika. Vivyo hivyo kwa anga tupu, kitambaa cheusi, kioo kinachoakisi, na giza. Haikosei, haina pa kushikia tu. Utafute ukingo: pindo la nguo, fremu ya mlango, mpaka kati ya nywele na paji la uso.

Zoezi la mwisho la hatua hii ndilo tamu. Weka chupa pembeni mwa picha badala ya katikati. Kamera itapenda kushika ukuta wa nyuma. Idanganye kamera: elekeza katikati ya kioo kwenye chupa, bonyeza nusu, subiri kijani, halafu kidole kikiwa bado kimeshikilia, geuza kamera hadi chupa iwe pembeni. Kamua. Angalizo ni moja: usisogee mbele wala nyuma baada ya kijani, kwa sababu umbali umeshafungwa.

Kwa watoto na vitu vinavyokimbia, bonyeza nusu mapema ukilenga mahali watakapofika, halafu ngoja wafike. Kusubiri kamera itafute huku mtoto anakimbia ni kupiga picha za migongo.

*Umefaulu ikiwa:* kati ya picha 10 za chupa, angalau 9 unaweza kusoma maandishi yake ukizikuza kwenye kioo cha nyuma. Usihukumu picha ikiwa ndogo. Kwenye kioo kidogo kila kitu kinaonekana kikali, na huo ndio utapeli wa kamera zote. Kuza hadi uone jicho au herufi.

## Hatua ya 5: Ishike kama glasi iliyojaa

Kamera nzito hutulia kwa uzito wake. Hii nyepesi inafuata mapigo ya moyo wako. Iko pia tabia ya kunyoosha mikono mbele kama anayesoma gazeti bila miwani, na hapo mtikisiko unazidi.

Lete viwiko vikae kwenye mbavu. Mikono miwili. Kamba ya mkononi ivaliwe kila mara. Toa pumzi, na kabla hujavuta nyingine, kamua. Ukipata ukuta au mlango, egemea.

Ukibonyeza nusu, kamera nyingi zinaonyesha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga, kwa mfano 1/60 ya sekunde. Bila zumu, kamera yenye kizuia mtikisiko inaweza kukuvumilia hadi 1/30 au hata chini kidogo. Ukiwa umezumu, usishuke chini ya 1/125 kama unataka usalama. Ukiona alama ya mkono unaotikisika inapepesa, kamera inakuambia ukweli, isikilize.

Kuhusu hicho kizuia mtikisiko, tofautisha. Cha kweli kinasogeza kioo cha lenzi au sensa yenyewe kufuata mkono wako. Cha bandia, ambacho kwenye boksi kinasifiwa kwa sauti ile ile, kinapandisha ISO tu. Na hata cha kweli kinatuliza mkono wako tu. Mtu anayecheza ngoma hakimtulizi.

Penye giza, iweke kamera juu ya meza au kitabu, weka kipima muda cha sekunde 2, bonyeza na uondoe mkono. Sekunde hizo mbili zinatosha mtetemo wa kidole kwisha. Kamera ikiwa mezani au kwenye stendi ya miguu mitatu, zima kizuia mtikisiko, maana baadhi yake hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta.

## Hatua ya 6: Ifungie ISO dari

ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga hafifu. Ni kama kupandisha sauti ya redio yenye mawimbi dhaifu: utasikia maneno, na makelele pia. Kwenye picha makelele hayo ni chengachenga, na kamera ikijaribu kuyafuta inafuta na ngozi, nyusi na nyuzi za nguo. Ile sura ya unga uliolowana inatoka hapa.

Geuza gurudumu au menyu kutoka AUTO kwenda P, mtindo ambao kamera bado inachagua kasi na tundu, lakini ISO unaichagua wewe. Kwenye AUTO, kamera nyingi hazikuruhusu kugusa ISO. Kisha fanya jaribio hili jioni, taa ya ndani ikiwa imewashwa: piga chupa ile ile, kamera ikiwa juu ya meza, kwa ISO 100, 200, 400, 800 na 1600. Zikuze zote na utafute ile ambayo herufi ndogo zinaanza kuliwa. Hapo chini yake ndipo dari yako.

Kwa kamera nyingi za sensa ndogo dari ni 400. Ukikazana, 800. Hizo 3200 zilizoandikwa kwenye boksi zipo kwa ajili ya boksi.

Kama menyu ina kipengele cha kuwekea ISO ya juu kabisa, kiweke hapo na usahau.

## Hatua ya 7: Flashi ina urefu wa chumba kimoja

Flashi ya kamera nyembamba inafika mita 3 hadi 4 ukiwa hujazumu, na kama mita 2 ukiwa umezumu. Zaidi ya hapo unajifurahisha. Sababu ni kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Mtu aliye mita 8 anapata sehemu moja kati ya 16 ya anachopata aliye mita 2. Ukumbini, mwanga wako unaishia kwenye visogo vya waliokaa mbele yako, navyo vinatoka vyeupe huku jukwaa likiwa giza. Ukiwa mbali, izime, egemea, na utegemee taa za jukwaa.

Mahali flashi inapofaa kuliko watu wanavyodhani ni mchana. Mtu akiwa ameipa jua mgongo, uso wake unakuwa mweusi. Usiiache kwenye otomatiki, kwa sababu kamera inaona mwanga ni mwingi na haiwashi. Ilazimishe: chagua alama ya umeme peke yake bila herufi A. Simama ndani ya mita 2. Uso unafunguka na anga linabaki.

Usiku, nje, tafuta alama ya mtu mwenye nyota au mwezi. Flashi inampata mtu, halafu shata inabaki wazi kidogo ili taa za nyuma nazo ziingie. Mwambie asisogee baada ya mwako. Kila mtu anasogea baada ya mwako.

Macho mekundu yanatokana na wembamba huo huo. Flashi ipo sentimita chache kutoka kwenye lenzi, mwanga unaingia moja kwa moja ndani ya jicho, unagonga nyuma penye mishipa ya damu na kurudi njia ile ile. Washa taa zaidi chumbani ili mboni zijikunje, au mwambie asiitazame lenzi moja kwa moja. Na yale madoa meupe ya mviringo yanayoelea kwenye picha za usiku, ambayo wengine wanaapa ni mizimu, ni vumbi au matone ya maji karibu na lenzi yaliyomulikwa na flashi. Piga tena bila flashi, "mizimu" itaondoka.

## Hatua ya 8: Kitufe cha +/− na nyuso nyeusi

Mwite yule mtu mvumilivu. Msimamishe mbele ya ukuta mweupe, mbali kidogo na dirisha, flashi ikiwa imezimwa. Piga. Kama ngozi yake ni nyeusi, uso huenda umetoka mweusi usio na sura, na ukuta umekuwa wa kijivu.

Kamera haijui uso wala ukuta. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kutaka wastani wake uwe wa kijivu cha katikati. Weupe mwingi unaifanya ipunguze mwanga, weusi mwingi unaifanya iuongeze. Kwa hiyo kwenye ukuta mweupe, mchanga wa pwani au shela la bi harusi, inampunja aliye mbele.

Tafuta alama ya +/−. Inasogea kwa theluthi: +0.3, +0.7, +1. Piga kwa kila moja. Kwa nyuso nyeusi mbele ya weupe, +0.7 au +1 ndiyo huwa inarudisha mashavu na macho. Ukuta utawaka kidogo, acha uwake. Picha ni ya mtu. Kinyume chake, mtu mbele ya pazia jeusi, nenda −0.3 au −0.7, la sivyo paji la uso litang'aa hadi lipoteze ngozi.

Onyo: kamera nyingi zinakumbuka namba hiyo hata ukizima. Irudishe sifuri ukimaliza, usije kesho ukajiuliza picha zote zimepauka kwa nini.

*Umefaulu ikiwa:* unaona mstari wa taya ukitenganika na shingo.

## Hatua ya 9: Vitu vya karibu

Alama ya ua. Bila hiyo, kamera nyingi hazishiki kitu kilicho karibu kuliko sentimita 30 hadi 50. Ukiiwasha, zinaweza kufika sentimita 5 au chini ya hapo, lakini tu ukiwa hujazumu. Ukizumu, umbali huo unarudi kuwa mkubwa. Zima flashi, kwa maana kwa karibu hivyo inaunguza au inazibwa na lenzi yenyewe, na angalia kivuli cha kamera kisiangukie kitu unachokipiga.

Ukimaliza, zima ua. Na usiguse alama ya mlima ukiwa ndani ya nyumba. Hiyo inaiambia kamera ishike mbali kabisa, na kila aliye karibu anatoka ukungu. Nimeona kamera tatu zilizotangazwa "mbovu" ambazo ugonjwa wao ulikuwa mlima.

## Hatua ya 10: Hamisha, kisha isome picha iliyoharibika

Picha ziko kwenye folda iitwayo DCIM. Zinakili kwenye kompyuta, fungua tatu au nne uhakikishe zinafunguka, ndipo ufomati kadi ndani ya kamera. Usikate kwa kuhamisha moja kwa moja: waya ukichomoka katikati, picha inaweza isiwepo huku wala kule. Na ukifuta kitu kwa bahati mbaya, toa kadi palepale na usipige hata picha moja nyingine. Programu za kurejesha mafaili mara nyingi zinaweza kuyapata, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake.

Sasa usizitupe zile zenye ukungu. Fungua moja, ikuze, na uitazame kwa makini, kwa sababu ukungu una aina tatu na kila aina ina dawa yake.

Kila kitu kimevutika upande mmoja. Taa zimekuwa vistari, vyote, vya mbele na vya nyuma, vimeelekea njia moja. Huo ni mkono wako. Rudi hatua ya 5.

Kiti na ukuta ni vikali, mtu ndiye aliyefutika. Alisogea yeye, shata ilikuwa polepole. Kizuia mtikisiko hakina msaada. Ongeza mwanga, msogeze dirishani, washa flashi akiwa ndani ya mita 3, au pandisha ISO ngazi moja.

Mtu ni laini, lakini ukuta wa nyuma yake unasomeka nyuzi kwa nyuzi. Hakuna kilichotikisika, kamera ilishika mahali pasipo. Rudi hatua ya 4, au angalia mlima.

Kama bado huna uhakika, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia na ufungue sifa zake. Kamera imeandika humo kasi ya shata, ISO, kama flashi iliwaka, na umbali wa zumu. Ukikuta 1/8, umeipata ajali. Ukikuta 1/250 na ISO 100 na bado mtu ni laini, si mkono. Ukikuta ISO 1600, uso ule wa unga umeshajieleza, na dari uliyoiweka kwenye hatua ya 6 imerudishwa na mtu aliyeigeuza kamera kuwa AUTO.